Mkutano Uliofutwa na Kiboko

Katika bonde moja wanyama walikutana kila asubuhi kwenye bwawa lao la udongo, kila mmoja akieleza alichokiona kwenye ukuta wa bwawa. Kiboko alipopewa uongozi, akaupiga marufuku mkutano huo.

"Porojo zenu zinachelewesha maendeleo! Bwawa likijaa, ndipo mtasema."

Kanga alishangilia kuliko wote.

Bwawa lilipokaribia kujaa, Kanga akaona ufa.

"Mheshimiwa, ukuta una—"

"Funga domo!"

Siku ya tatu ukuta ukabomoka, maji yote yakaenda. Kiboko, amekwama topeni, akanguruma, "Mbona hamkuniambia, wajinga nyie?"

Vifaranga wa Kanga walikuwa wakilia kwa kiu. Mama yao akamsogelea Kiboko.

"Ulisema tuseme bwawa likijaa. Haya, lijaze!"