Karoti za Maji Matupu

Bi Sikudhani alikuwa akiengua mafuta yaliyoelea juu ya mchuzi wa kuku, akiyamimina kwenye kopo. Karoti alikwisha kuzichemsha kwa maji matupu.

Sheria ilisema aliyeua bila kukusudia ale kwa mkono wa mfiwa tu maisha yake yote. Kwa hiyo Mhina, dereva aliyemgonga Mwanakheri, binti pekee wa Bi Sikudhani, alikuja kila magharibi na kuketi kwenye kiti cha marehemu. Mizani ya serikali iliyokuwa ndani ya meza ikapima sahani: protini imetosha, vitamini A imetosha. Mafuta haikuyauliza, na pasipo mafuta vitamini hiyo ya macho hupita tumboni kama mgeni asiyekaribishwa.

"Mama, taa zako siku hizi zimefifia," alisema Mhina, akipapasa kijiko.

"Taa ni zile zile, mwanangu. Kula."

"Kwa karoti hizi nitapata macho ya paka."

"Inshallah."

Mahakamani Mhina alisema kulikuwa na giza, hakumwona mtoto. Mtaa mzima ulijua usiku ule kulikuwa na mbalamwezi. Bi Sikudhani hakubisha. Aliamua tu kuyafanya maneno ya Mhina yawe kweli.

Wakati wa kuondoka, Mhina alijigonga mlangoni. Bi Sikudhani akamshika mkono, akamvusha kizingiti taratibu, kama alivyomvusha Mwanakheri alipojifunza kutembea.

"Mungu akulipe, mama."

Alirudi jikoni, kiganja chake kingali na joto la mkono ule. Kopo la mafuta lilikuwa limejaa. Karoti za kesho zilikuwa hazijamenywa. Akazifunika, na kopo la mafuta akaliweka kando yake.