Waya wa Saa Nne

Ofisi ya vizazi na vifo ilizuia video mtandaoni, lakini Tausi, karani wa hapo, alikuwa na njia yake. Kila saa nne asubuhi karani mwenzake, Mzee Faki, alimpisha kitini, naye akachomeka simu yake kwenye kompyuta ya mzee, Tausi apate kumwona mjukuu wake wa ng'ambo kwenye kioo kikubwa.

Jumatatu walikuta kirusi kutoka kwenye simu kimepenya kupitia kompyuta hiyo hiyo, kimefunga kumbukumbu zote za wilaya zisifunguke.

"Nani kachomeka simu hapa?" meneja aliuliza.

"Mashine ni yangu," alijibu Mzee Faki, aliyebakiza miezi miwili astaafu.

Tausi akautoa waya mkobani, akauweka mezani taratibu.

"Asante, mzee wangu. Ni mimi."

Ilipotimia saa nne, simu ya Tausi ikaanza kuita: mjukuu wake.