Jina la Tisa

Sajini mstaafu hakumwamini yule fundi cherehani tangu siku ya kwanza. Mtu hajawahi kushika bunduki, kajiunga na chama cha wapiganaji wa vita vya Kagera hapa Toronto kutafuta nini?

"Nakuja kusaidia tu, mzee wangu," alisema fundi.

Kweli alisaidia. Aliwaondolea wajane theluji mlangoni, aliwapelekea wagonjwa supu. Lakini sigara yake aliivuta akiuficha moto ndani ya kiganja, kama mtu anayehofia kulengwa gizani. Cherehani haifundishi mtu hivyo.

Novemba hiyo ya 1994 walikusanyika mtaa wa Don Mills, kwenye ukumbi wa chini wa kanisa, kuwakumbuka wenzao walioanguka vitani. Sajini akavaa miwani, akaanza kuita majina. Kila jina likafuatwa na kimya. Akafika la tisa.

"Koplo Zuberi Mapunda!"

"Afande!"

Fundi alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mikononi, visigino vimebanana, kidevu juu. Supu ya moto ilimmwagikia viatuni, hakutikisika.

Watu wote wakageuka. Fundi akacheka kidogo. "Samahanini. Nilidhani nimeitwa."

Sajini hakucheka. Akarudisha kidole kwenye karatasi, akaliita tena jina lile lile, taratibu, huku akivitazama visigino.