Rufaa ya Akot

Askari alikuwa amekwisha kumshika Akot mkono ampandishe kwenye lori la kumrudisha Sudan, kwa watu waliomuua mumewe, pale aliposema hapandi. Miaka ile, Kampala, watu hawakuzoea kumwambia hapana mwenye bunduki.

"Ombi lako la ukimbizi lilikataliwa," ofisa wa wakimbizi alimwambia kutoka barazani pa ofisi yake. "Ukapewa muda wa kukata rufaa, ukapita wiki hii. Panda, mama."

"Ulipita nikiwa hospitali ya Nsambya, afande. Nilikuwa najifungua."

"Kila mtu ana lake la kusema."

Akot aliuponyoa mkono wake, akapanda barazani, akaifungua kanga aliyomfungia mtoto mbele ya ofisa. Mtoto alikunja miguu kwa baridi ya asubuhi. Kitovu chake kilikuwa hakijakatika. Kilining'inia kikavu, cheusi, kimefungwa uzi mweupe wa mkunga.

Ofisa aliinama, akakitazama kwa karibu.

"Tuondoke, afande?" askari akauliza.

"Nendeni na lori lenu. Huyu anabaki. Mtoto hajamaliza wiki; kweli alikuwa akijifungua. Hatumrudishi mtu ambaye hatujasikiliza rufaa yake."

Lori likateremka kilima likiwa tupu. Akot hakukaa mpaka alipovutiwa kiti. Akampa mtoto ziwa, na kicheko kikamtoka, cha kwanza tangu avuke mpaka.

"Haya, mama," ofisa akasema, akiketi mbele yake. "Anzia mwanzo."

Akot akainua uso, akaanza.