Kitambaa cha Turbo

Fundi alikuwa akikaza klipu ya mwisho ya bomba la hewa alipojiuliza kile kitambaa kiko wapi. Kila akifunga turbo, ile feni ya kusukumia hewa kwenye injini, huiziba mdomo kwa kitambaa, nati isije ikadondokea ndani, na leo hakukumbuka kukitoa.

Shemeji yake, dada wa mkewe, alishakaa kwenye usukani wa teksi yake, mkono kwenye ufunguo. Teksi hiyo ndiyo iliyokuwa ikilisha nyumba ya shemeji.

"Shemeji, usiwashe."

"Umeshaanza kuogopa mwendo wangu?"

Feni ikimeza kitambaa, injini imekwisha. Fundi aling'oa bomba, akaingiza kidole. Feni ilizunguka kwa ulaini, baridi, imelowa mafuta kidogo. Kitambaa hakikuwapo. Labda kimeshateleza ndani zaidi.

"Unatafuta hiki?" Shemeji alipunga kitambaa dirishani. "Ulipokwenda kunawa nilikichomoa, nikafutia kioo. Nilijua utakisahau."

Fundi aliketi chini palepale, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Alipoinuka kurudisha bomba, bisibisi iliteleza kwenye klipu mara tatu, akaiweka chini.

"Shuka, shemeji," alisema. "Tutawasha kesho."