Mikono Inayonukia Mwerezi

Sauti ya Herminda ilikatika tena palepale, kwenye "mikono yako inayonukia mwerezi". Fundi mitambo akaguna, akazima mashine ya kurekodia, akasema wapumzike kidogo.

Albamu ilikuwa ya kumuenzi marehemu Abundio, na mji mzima wa Tlacotalpan ulitaka kuimba humo, hata wasiojua kuimba. Aliyegawa nyimbo ni mjane wake, Eduviges. Huu uliopendwa kuliko zote alimpa Herminda, na gitaa akataka lipigwe na Casiano, mume wa Herminda. Casiano alijaribu kukwepa, akasingizia mafua, lakini Eduviges hakumsikiliza.

Casiano ni mchonga magitaa. Huyatoa kwenye magogo ya mwerezi, na nyumba yao yote hunukia mti huo, mpaka mashuka. Ndiyo maana Herminda hakuhitaji kuambiwa wimbo ule ulitungiwa nani. Sikukuu moja ya Candelaria, zamani, yeye na Abundio walifanya lisilofaa, na mwaka uleule wimbo ukatoka. Alipomuuliza, Abundio alicheka tu.

Na leo mumewe alikuwa anaupiga bila kuinua uso hata kidogo. Anajua, Herminda aliwaza kwa aibu. La kuvunda halina ubani.

Eduviges alimfuata barazani na glasi ya maji ya ukwaju.

"Kunywa, mdogo wangu. Unaimba kama mtu anayepelekwa kunyongwa."

Herminda akashindwa kuvumilia. Alimwambia yote huku analia: ile Candelaria, ule mwerezi, na miaka yote aliyokula mezani pake kana kwamba hakuna kitu.

"Siwezi kuuimba, dada. Wimbo wenyewe ni wangu mimi. Nisamehe."

Eduviges alimtazama. Hasira haikuonekana usoni mwake, na Herminda aliona afadhali angepigwa kofi. Kisha mjane akamshika mkono, akauinua mpaka puani, akaunusa taratibu.

"Sabuni," alisema. "Na kitunguu kidogo."

Akaurudisha ule mkono mapajani kwa mwenyewe, kwa upole.

"Abundio alitia muziki tu, Herminda. Maneno niliyatunga mimi. Basi na wewe unisamehe."

Dirishani, Casiano alikuwa analipangusa gitaa kwa kiganja, uso bado ameuinamisha.