Mgeni wa Alhamisi

Kila nyumba ya marejeo, anakokaa mtu aliyetoka wodi ya wagonjwa wa akili, hulipiwa na serikali kwa sharti moja: kila Alhamisi jirani mmoja aje, aketi, ale pamoja na mwenyeji. Ukuta hutazama mikono ikienda kinywani. Mgeni asipokula, nyumba hufungwa na mwenyeji hurudishwa wodini.

Nyamizi aliwahi kuchoma ghala la mjomba wake, na mahakama ikamwachia kwa kuwa siku ile alikuwa mgonjwa wa akili. Alhamisi moja alisonga ugali na kupika mlenda, akangoja. Alasiri ilikuwa inakatika Mama Shija, jirani wa nyumba ya tatu, alipopiga hodi.

“Karibu, dada. Keti.”

“Nipakulie tu kwenye bakuli, nitakwenda kula nyumbani.”

“Ukuta haukubali bakuli, dada yangu.”

“Ala! Ukuta wako mkali kuliko mama mkwe wangu!”

Nyamizi akacheka, naye hakukumbuka mara ya mwisho kucheka na mtu. Akamnawisha mgeni mikono. Mama Shija alipeleka mkono kinywani upesi upesi, macho dirishani, kisha akaaga.

Ukuta ukawaka kijani. “Hongera, Nyamizi. Jamii imekupokea.”

Alipokunja jamvi alilokalia mgeni ili afagie, alikuta chini yake matonge matano ya ugali, mazima, yasiyoguswa na jino.

Aliuelekea ukuta, akafumbua kinywa aseme ukweli. Kisha akaketi pale alipokuwa ameketi mgeni, akayala yote.